Deraya Jarubani

Saa nne asubuhi gari la deraya la polisi lilikuwa limelalia tumbo katikati ya jaruba la mpunga la Mama Queen, magurudumu yote manne ndani ya tope. Mama Queen mwenyewe alikuwa amekaa juu ya tuta, anakula muwa.

"Afande," alisema, "kuukanyaga mmemaliza. Sasa mnaupalilia?"

Watu wakacheka. Nusu ya kijiji cha Nsambwilo ilikuwa pale, na hakuna aliyekuja na jembe.

Afande Makarius, mkuu wa kituo, hakucheka. Gari lilikuwa na wiki mbili tu tangu lifike: vioo vya kuzuia risasi, matundu ya kutolea bunduki, na askari sita wenye kofia za chuma kama masufuria ya msibani. Leo ndiyo lilitoka kwa mara ya kwanza, kwenda kumkamata Japhet, mchunga mbuzi mwenye fimbo moja na ndala ya mguu mmoja. Mwizi wa maksai, walisema. Wakati wa kurudi dereva akakata njia ya mkato jarubani, mwezi wa tatu, baada ya mvua ya wiki nzima. Hata bata wa pale wangemshauri vingine.

Mama Queen aliibiwa maksai wake wawili mwezi wa kumi na moja, kabla hajalima hata mstari mmoja. Wiki iliyofuata jirani yake, Kassiani, akaibiwa wake. Walikwenda kituoni kwa miguu. Wakaambiwa hakuna gari, na hata lingekuwepo hakuna mafuta. Mama Queen akalima kwa jembe la mkono, ekari moja badala ya nne, mpaka viganja vikachubuka. Ekari hiyo ndiyo deraya ilikuwa imeilalia.

"Tuliomba pikipiki," alisema. "Pikipiki moja, afande. Nyie mkatuletea kontena lenye tairi."

"Mama, mwizi wako tumemkamata. Unataka nini tena?"

"Maksai wangu."

"Keshawauza Kibaoni. Wameshaliwa."

"Mama Queen, sijagusa hata kamba yao!" Sauti ya Japhet ilitoka kwenye tundu la bunduki.

"Nyamaza wewe!" askari wawili wakamjibu kwa pamoja.

Mama Queen akatafuna muwa. Hakujua amwamini nani.

Saa tisa wageni kutoka mkoani wangefika kuliona gari likiwa kazini. Afande akatazama saa yake, akatazama tope, akaomba maksai wa kuvuta.

"Wangu wameliwa Kibaoni," Kassiani akasema. "Si umesema mwenyewe?"

Wenye maksai waliobaki wakakumbuka ghafla kwamba maksai wao wamepelekwa malishoni, mbali sana. Afande akasogea kando na simu. Aliongea kidogo, akalitazama gari, akaongea tena. Alirudi anajifuta jasho. Haikupita saa moja, mfanyakazi wa shamba lake la ng'ambo ya mto akafika na jozi mbili za maksai wanene, kila mmoja na herufi M iliyochomwa kwa chuma pajani, kidonda bado chekundu.

Wakafungwa nira, minyororo ikafungwa kwenye deraya. Mfanyakazi akachapa. Maksai wakasimama tu. Akachapa tena. Mmoja akakojoa. Koplo Erasmus, aliyekuwa na daftari la kituo kwapani, akajaribu kwa sauti ya gwaride: "Mbele, tembea!" Umati ukashika mbavu.

"Mama Queen," afande akasema kwa sauti ya chini, "naambiwa hakuna anayeswaga kama wewe hapa. Nisaidie, yaishe."

Kassiani akamshika mkono. "Usithubutu. Waache wazame mpaka Pasaka."

Mama Queen akatema makapi ya muwa, akautoa mkono wake, akashuka jarubani. Nyuma yake watu wakaguna. Kalainika huyo. Kaona kofia za chuma.

Aliwazunguka wale maksai mara moja, polepole, mikono nyuma.

"Wa nani hawa?"

"Wangu."

"Ulinunua?"

"Nimewakuza mwenyewe tangu ndama."

"Wanaitwa nani?"

Afande akacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ng'ombe aitwe jina? Ng'ombe ni ng'ombe, mama."

Hakuna mwingine aliyecheka.

"Koplo, mwanangu," Mama Queen akasema, "andika alivyosema. Kawakuza mwenyewe, na hawana majina."

Koplo Erasmus akamtazama mkuu wake. Mkuu akapunga mkono: andika tu, muda unakwenda. Koplo akaandika.

Mama Queen hakuchukua fimbo. Alirudi akapanda juu ya tuta, pembeni kabisa.

"Mbona huko?" afande akapaza sauti. "Gari linatoka mbele!"

Mama Queen akanyoosha kiganja kilichochubuka, kama mtu aliyeshika chumvi.

"Tabora! Msafiri!"

Jozi ya mbele ikainua masikio. Ikageuza vichwa, ikageuza nira, ikamburuta mfanyakazi aliyening'inia kwenye kamba, ikaenda kwa shoti kuelekea tutani mpaka mnyororo ukaikatalia. Wakasimama hapo, shingo zimenyooka, wanamlilia.

Kassiani akakohoa.

"Sumbawanga," akaita. "Mapesa."

Na jozi ya pili nayo ikageuka.

Koplo Erasmus akafunga daftari. Akaingia ndani ya deraya, akatoka na Japhet, akamfungua pingu. Hakuzirudisha kwenye mkanda. Alisimama nazo mkononi kwenye tope, akiitazama mikono ya Afande Makarius kama fundi cherehani anayekadiria kipimo.