Nyota Ngapi kwa Wakili Mwongo?

Kila Alhamisi, kabla ya kikao cha wasomaji, Wendell Haskins alijifungia kwenye choo cha maktaba na kubadilisha viatu. Leo alijinusa na mikono pia. Harufu ilikuwa haijatoka. Akafunga koti mpaka kidevuni ili isimuumbue, akalikumbatia begi lake, akatoka.

Alikuwa ameapa kwamba leo atasema. Aliapa hivyo Alhamisi iliyopita, na ile ya kabla yake. Ilikuwa sentensi moja tu, ya kuwaambia wenzake mahali anapolala. Lakini akishaisema, Loretta hatamtazama tena kama anavyomtazama, na katika Cleveland nzima hapakuwa na meza nyingine ambayo watu walifurahi kumwona.

"Huyo kafika!" alisema Duane, dereva wa zamani wa malori, kwa sauti ya kuamsha maktaba nzima. "Nilidhani umefukiwa na theluji, mzee."

"Theluji yenyewe hainitaki."

Wakacheka. Loretta Pickens, aliyewahi kupikia watoto wa shule kwa miaka ishirini, akaondoa mkoba wake kwenye kiti alichomwekea, kisha akamsogezea sahani ya biskuti. Wendell alichukua tatu na kuzifunga kwenye kitambaa. Angeziacha, wangemuuliza kulikoni. Aliona aibu hata kuzishika.

Bi Novak, mkutubi, alikuwa amesimama kando ya ubao. Kila kitabu walichokimaliza alikichorea nyota kufuatana na maoni yao, na ubao ukawekwa mlangoni ili wasomaji wengine wajue. Safari hii kilikuwa kitabu kinene cha mikasa ya mahakamani. Wakili kijana anamtetea mama aliyetupiwa vyombo nje, na ili mama huyo apewe nyumba moja iliyobaki ya jiji, wakili anadanganya chini ya kiapo.

"Nyota tatu," alisema Duane. "Moja nimeikata kwa ule upuuzi wa ukurasa wa arobaini. Mtu analala ndani ya gari, mwezi wa kwanza huu, vioo vyote kafunga! Asubuhi si angeamka kalowa chapachapa kwa mvuke wa pumzi zake? Unaacha upenyo wa kidole. Mwandishi angeuliza tu, aambiwe."

"Wewe nawe umezidi ujuaji," alisema Loretta. "Mimi kilinishika. Jana taa zimezimwa pale pale hakimu anapoinuka kusema. Nikalala na hamu yangu."

"Na uongo wa wakili je?" aliuliza Bi Novak. "Alifanya sawa?"

"Sawa kabisa!" alisema Duane. "Kwa nyumba? Mimi ningeapa kwamba ni mjane mwenye watoto sita."

Loretta hakucheka. "Nyumba ilikuwa moja, Duane. Akiingia huyu, kuna mtu amebaki nje. Kurasa mia nne, na mwandishi hakutuonyesha hata mara moja huyo aliyebaki nje. Nampa mbili, na hapo nimemhurumia."

Wendell alizidi kuivuta kola ya koti juu ya kidevu.

"Na wewe, mzee Wendell?" alisema Bi Novak.

Sasa, alijiambia. Sema sasa, yaishe. Alimtazama Loretta, naye Loretta akamtabasamia kama mtu anayemsubiri ndugu yake amalize kuvaa viatu.

"Mimi..." Akalikumbatia tena begi lake. "Mimi nakipa tano."

"Tano!" Duane alipiga meza. "Kwa lipi?"

"Yule wakili hakulala tena baada ya ule uongo. Mwandishi hapo kasema kweli."

Bi Novak akachora nyota tatu, na kikao kikaisha. Wendell aliyafunga maneno yake rohoni kwa mara nyingine. Alijiona mwoga, na alijichukia kwa woga huo.

Nje, Loretta alimshika mkono. "Kaza mwendo. Bweni la kanisa linafungua saa kumi, na kwa baridi hii vitanda vitajaa. Duane kakimbia kutushikia nafasi. Leo unalala na sisi, Wendell, sitaki kusikia eti umepata pa kujibanza."

"Loretta, kuna jambo..."

"Ngoja kwanza nikuchekeshe. Jana niliitwa ofisi ya nyumba, kwenye yale maswali yao. Si wanasema mwenye shida kubwa ndiye anayepewa kwanza? Nikamsimulia yule binti anayehoji nilivyofungiwa ndani ya ghala la kukodi siku tatu, naramba theluji chini ya mlango. Ile niliyokusimulia kiangazi. Basi binti kaweka kalamu chini. Eti hadithi hiyo ameshaisikia, neno kwa neno, kwa mzee mmoja waliyempa nyumba mwezi wa kumi. Eti niache kujipachika mikasa ya watu."

Walikuwa wamefika kanisani. Duane aliwapungia mkono kutoka mbele ya foleni.

"Wala sikukasirika," alisema Loretta. "Nilimwonea huruma huyo mzee. Siku zote nilidhani yamenipata mimi peke yangu."

Wendell akasimama nyuma yake kwenye foleni, mkono unaonukia sabuni ukiwa mfukoni, akizibana funguo za nyumba yake zisigongane.