Tepe la Pili

Askari jela Mwakyoma alipeleka shati lake la kazi kwenye karakana ya ushonaji ili wafungwa wamgeuzie kola. Ilikuwa imechakaa, na mshahara wake haukuruhusu shati jipya. Alipolifuata, alikuta kwenye mkono wa shati limeongezwa tepe la pili, cheo alichokililia miaka nenda miaka rudi.

"Nani kawaambia nimepandishwa?" aliuliza.

"Wakubwa wako hawana habari na wewe, afande," alijibu Sekiboko, mnyapara wa wafungwa. "Sisi ndio tumekupandisha. Livae."

Cherehani zote zikanyamaza. Mwakyoma akatafuta wembe wa kufumulia nyuzi, ambao siku zote hukaa juu ya meza. Haukuwapo. Wafungwa walikuwa wamesimama, mikono nyuma, wakimngoja afunge vifungo.