Jicho la Kushoto la Tobei

Kampuni iliyochapa vitabu vya katuni vya Chizuru tangu ujana wake sasa ilikuwa ikitengeneza michezo ya video, na siku hiyo aliitwa kumwona shujaa wake, Tobei, akitembea kwenye skrini.

"Simamisha!" alifoka. "Jicho bovu la Tobei ni la kushoto. Mbona akigeuka kitambaa kinacholiziba kinahamia la kulia?"

Hideto, fundi wa mchezo, alijikuna kisogo. "Mashine haina nafasi ya picha mbili, Mwalimu. Akigeuka tunaipindua ileile, kama kwenye kioo."

"Unaniharibia mtu wangu mchana kweupe!"

"Niwie radhi, Mwalimu. Basi tukiondoe kitambaa."

Sura ya Tobei ilikuwa ya marehemu baba yake Chizuru, mhunzi, aliyepofuliwa jicho la kushoto na cheche kabla mwanawe hajazaliwa. Kila alipojaribu kulichora jicho lile likiwa zima, mkono ulimgomea; angelichoraje, na hakuwahi kuliona?

Alibonyeza kitufe ili aonyeshe kosa lilipo. Tobei akageuka, kitambaa kikaruka upande wa pili, na jicho la kushoto likawa wazi, jeusi, likimtazama.

"Nianze kurekebisha leo, Mwalimu?"

"Acha hivyo hivyo," alisema Chizuru.

Hideto alizima taa za chumba akaenda zake. Chizuru alibaki mbele ya skrini, kidole kikikandamiza kitufe Tobei asigeuke tena, kama mtu anayeuzuia mlango usijifunge.