Mkwe wa Mwavuli wa Kumi na Nane

Kabla ya saa nne asubuhi Bi. Tao alikuwa ameshawakataa wanaume kumi na saba, na hakuna hata mmoja aliyekuwepo kujitetea.

Wenyewe walikuwa makazini au bado vitandani. Waliokuja bustanini kuwatafutia wachumba ni wazazi wao, kama kila Jumamosi hapa Shanghai. Wamekaa kwenye vigoda, miavuli imefunguliwa chini mbele yao, na kila mwavuli una karatasi iliyobanwa kwa kibanio cha nguo: umri, mnyama wa mwaka aliozaliwa kwa kalenda ya Kichina, urefu, elimu, kazi, nyumba anayo au hana. Picha hakuna.

"Huyu je?" alikuwa ameuliza Bi. Geng mbele ya mwavuli wa kumi na sita. "Mhandisi. Mrefu kweli."

"Wa nini? Nipande ngazi kumsalimia?"

"Huyu mwalimu."

"Kazaliwa mwaka wa Jogoo. Mimi napenda kulala asubuhi."

Bi. Pang alitema ganda la mbegu ya alizeti. "Mama Ruolin, umekuja kutafuta mkwe au watu wa kuwatukana?"

Watatu hao walicheza dansi pamoja kila jioni mtaani kwao Suzhou, na leo walikuwa wamepanda treni kuja kutembea siku moja tu. Safari ilikuwa na sababu yake. Mwaka juzi Ruolin, binti pekee wa Bi. Tao, alijitafutia mchumba kwenye uwanja wa badminton. Bi. Tao hakutaka hata kumwona. Alizima spika ya dansi, akasimama mbele ya kikundi kizima na kuapa kwamba mkwe wake atamchagua yeye mwenyewe, na akishindwa, atamwomba yule kijana radhi mbele ya wote.

Tangu hapo Ruolin alikuwa ametimiza miaka thelathini na tatu, mkwe hajaonekana, na Bi. Pang, ambaye mdomo wake haukuwa na kufuli, hakuacha jioni ipite bila kuuliza. Bi. Tao alikuwa mjane mwenye kiburi. Kwake afadhali kuvunjika mguu kuliko kuumbuka.

"Ukirudi leo mikono mitupu," alisema Bi. Pang, "Jumatatu unaomba radhi. Nami nitarekodi kwa simu."

"Nitampata leo," alisema Bi. Tao. Akamjazia Bi. Pang kikombe cha tatu cha chai.

Haikuwa rahisi. Kila alipopunguza maringo na kuulizia kijana, aliulizwa yeye kwanza: binti kazaliwa mwaka gani? Akisema Kondoo, nyuso zilibadilika, maana wapo wanaoamini mwanamke wa mwaka huo hana bahati. Mama mmoja alisogeza kigoda chake nyuma, utadhani ukondoo unaambukiza.

"Mwanao mwenyewe ana upara!" Bi. Geng alimpigia kelele mama huyo. "Umeandika 'paji pana', tumeelewa!"

Mchana walikula maandazi ya nyama wakiwa wamesimama, kisha Bi. Pang akakimbilia chooni. Alirudi mbio zaidi ya alivyokwenda.

"Kuna mwavuli wa bluu kule nyuma! Mfamasia, na anaishi Suzhou! Imeandikwa anaosha vyombo bila kuambiwa!"

Chini ya mwavuli huo mzee mwenye kofia alikuwa amesinzia, mdomo wazi. Bi. Tao alisoma karatasi taratibu, akabinua midomo.

"Mfamasia atatunywesha vidonge mpaka tufe. Halafu kwa nini baba yake kakaa karibu na choo?"

Akageuka kuondoka. Wenzake wakamdaka, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule.

"Shoga, kaa chini!" alisema Bi. Pang. "Huyu akikuponyoka, mimi na wewe basi!"

Mzee akazinduka, akavua kofia na kujitambulisha kwa jina la Yan. Aliuliza kama binti anakula vizuri. Mengine hakuuliza. Ikabidi Bi. Tao aseme mwenyewe, kwa sauti ndogo, kwamba ni Kondoo.

"Kondoo ni wapole," alisema Mzee Yan. "Kwetu anakaribishwa."

Bi. Geng alitokwa na machozi palepale. Bi. Tao hakulainika. Aligombana na mzee juu ya sikukuu ya mwaka mpya italiwa kwa nani, akanyanyuka mara mbili kwenda zake, na mara zote mbili Bi. Pang alimvuta kwa mkoba akamkalisha. Mwishowe wakakubaliana: kijana aje kesho nyumbani kwa Bi. Tao kwa chakula cha mchana, na hawa mashoga wawili wawepo mashahidi.

Treni ilipoondoka saa kumi, Bi. Pang alikuwa ameshatuma ujumbe wa sauti kwa kikundi kizima cha dansi. "Ni mimi niliyemwona! Mama Ruolin alikuwa anamkataa!" Majibu yakamiminika, pongezi na vicheko.

"Na yule wa badminton?" aliuliza Bi. Geng.

"Nani?" alijibu Bi. Tao, akanyanyuka kwenda msalani.

Alifunga mlango kwa komeo, akapiga simu.

"Mkwe mwenzangu, wameamini," alinong'ona. "Ila ulisinzia kweli, mpaka nikaingiwa na hofu. Sasa mwambie mwanao Zhiyuan aache badminton, akatoe mswaki wake bafuni kwangu leo hii hii, maana kesho anafika kwangu kwa mara ya kwanza."