Kidonge cha Jumamosi

Kila Jumamosi asubuhi watu wazima wote humeza kidonge cha buluu, na choo cha nyumbani huhesabu saa mpaka buluu itoke. Zikipita saa themanini, gari huja kumchukua aliyechelewa. Chakula kikikawia tumboni, wanasema, huingiza sumu kwenye damu, figo zikachakaa na akili ikachoka. Nani atawauguza watu hao uzeeni?

Tumbo la Nyamizi lilikuwa zito tangu usichana. Papai, ukwaju, mlenda, vyote alivifakamia bure. Kwa hiyo mwaka mzima bintiye Kabula alikuwa akimeza vidonge viwili, chake na cha mama. Nyamizi alibandika kidole gumba mlangoni ili choo kidhani ni yeye, Kabula akaingia kukaa.

Jumanne hii alasiri, zimebaki saa mbili, Kabula alikuwa bado amejiinamia mezani.

"Nenda basi, mwanangu."

"Nimekwenda mara tatu, mama. Hakitoki kitu."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi. Na wiki iliyopita nilipata kwa taabu."

"Si ungeniambia!"

"Ungeacha kunipa chako."

Nyamizi alihisi tumbo likimsokota. Akakimbilia chooni, akakaa, na baada ya miaka yote ile likafunguka lenyewe, kwa wepesi kama la mtoto. Akacheka peke yake.

Choo kikakagua, kikaendelea kuhesabu. Buluu zote mbili zilikuwa ndani ya Kabula.