Ovaroli ya Ngosha

Mtaa ule ulianza kama kambi ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Siku hizi una lami na maghorofa, lakini desturi ya kambi haijafa: mfanyakazi akifariki, ovaroli yake hutundikwa getini, na wenzake wakiingia zamu huushika mkono wa nguo ile kumuaga.

Asubuhi baada ya maziko ya Ngosha, mkewe Nyamizi aliitundika ya mumewe. Mlinzi akaitungua.

"Nisamehe, mama. Meneja mpya kakataza. Anasema geti si kamba ya kuanikia."

"Kambi hii ilikuwepo yeye hajazaliwa!"

"Najua, mama, lakini nitafukuzwa. Hakuna kutundika kitu hapa."

Nyamizi akaipokea, akaikung'uta vumbi. Kisha akaivaa juu ya kanga zake za msiba, akafunga vifungo vyote hadi shingoni. Miguu ya ovaroli ikaburuzika chini. Akaenda kusimama palepale getini.

"Haya, sijatundika kitu," alisema. "Nimesimama."

King'ora kikalia. Zamu ya asubuhi ikatokeza konani. Nyamizi akaunyoosha ule mkono mrefu wa bluu, uliomfunika hadi vidoleni.