Rimu za Mzee Vipimo

Mzee Vipimo alikuwa amefumba macho, amekaa kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki isiyo na gurudumu la mbele, anajirusharusha.

"Mzee, utaniangushia jeki," fundi alisema.

"Napima."

Fundi alijifuta grisi mikononi. Wiki ya tatu hii, alikuwa ameshazoea. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya safari ndefu, miguu kama ya twiga, tangi kama tumbo la mbuzi mwenye mimba. Ililetwa gereji kwa kusukumwa kutoka nyumba ya nne mtaani hapo, ambako mzee na mkewe walikuwa wamehamia karibuni. Rimu ya mbele ilikuwa imejikunja kama sikio la mbwa.

"Ilikuwaje?" fundi alimuuliza siku ile ya kwanza.

"Shimo. Nililiona mapema kabisa. Nikapiga kelele, lakini wapi, tukatumbukia."

"Ulilipigia shimo kelele?"

"Shimo halisikii," mzee alijibu kwa huzuni, akafungua daftari.

Tangu hapo amani ilihama gereji. Ukutani zilining'inia rimu za aina mbili. Moja ya spoku, duara la chuma lililoshikwa na vijiti vyembamba. Nyingine ya kumimina, kipande kimoja kigumu, kama kilivyotoka kiwandani. Fundi alikuwa ameeleza mpaka taya zikamuuma.

"Spoku inanesa, mzee. Ukipiga jiwe inapinda, unainyoosha, unaendelea. Ila inataka tyubu, na kila baada ya siku mbili tatu uzigonge spoku kwa spana usikilize ipi imelegea. Ya kumimina haina tyubu. Msumari ukiingia, unaziba tundu hapohapo. Ila ikipasuka, imepasuka."

Mtu mwenye akili zake angechagua kabla ya chai. Mzee Vipimo aliandika kurasa kumi na nne, na swali lake likabaki lilelile.

"Anayekaa nyuma ataumia?"

"Mama? Mama ni mwepesi, hatasikia kitu."

"Sikuuliza uzito. Nimeuliza mgongo. Kilomita mia nne za mawe, mgongo wa anayekaa nyuma utafika?"

Fundi, ambaye hakuwahi kujiuliza mgongo wa mkewe unafikaje popote, aliona aibu kidogo. Alipofika nyumbani alimsimulia mkewe: kuna mzee hapa mtaani anampenda mke wake mpaka anakaa mwenyewe kiti cha nyuma ampimie. Mkewe akamsogezea vyombo aoshe.

Alhamisi mama mwenyewe alikuja. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye viatu vya ngozi vilivyotunzwa vizuri, isipokuwa cha kushoto kilichochubuka juu, karibu na kidole gumba. Aliitikia shikamoo ya fundi, akampita mumewe kama kabati, akazigongagonga spoku kwa ukucha.

"Baba watoto, binti yako anajifungua wiki ijayo."

"Najua, mama watoto. Ndiyo maana hatuwezi kukurupuka."

"Mjukuu wangu wa kwanza hatazaliwa mimi niko sebuleni nasomewa habari za rimu. Fundi afunge yoyote. Jumamosi asubuhi naondoka. Ukiwa tayari, twende. Kama hujawa tayari, baki na daftari lako."

"Utaniacha?"

"Kweupe."

Basi halikuwa likifika kule kwa binti. Fundi alimwona kichwani mama wa watu yuko juu ya lori la magunia, ameshikilia kamba, na moyo ukamuuma.

Mama alipoondoka, mzee alibaki na kalamu mkononi. "Huyu hatanii, fundi. Mwaka juzi aliniacha harusini kwa mdogo wake, nikarudi kwa miguu, na suti."

"Basi chagua, mzee wangu."

Mzee Vipimo alifumba macho kama mtu anayeng'olewa jino.

"Spoku," alisema. "Inanesa."

Ijumaa nzima fundi alifunga, akakaza, akanyoosha, na mzee amepiga magoti pembeni, anagonga spoku moja baada ya nyingine na kutega sikio kama daktari. Mbili alizikataa. Moja kati ya hizo kweli ilikuwa imelegea, jambo lililomkera fundi kuliko wiki zote tatu.

Jumamosi jua lilipochomoza mzee alishafika. Kofia ngumu kichwani, glavu mikononi, daftari limechomoza mfukoni, na kwapani amebana mto wa kochi. Aliufunga kwa kamba kwenye kiti cha nyuma, akaubonyeza, akalegeza fundo, akalifunga upya. Fundi alitabasamu. Waume wa namna hii, alijisemea, hawatengenezwi tena.

Mama alikuja nyuma yake na begi moja, akalifunga juu ya karia kwa mikono miwili ya haraka.

Fundi aliitoa pikipiki mpaka barabarani. Akaishikilia imara ili mzee asiaibike wakati wa kupanda, umri nao ni umri, kisha akampa ufunguo kwa mikono miwili.

Mzee aliupokea, akaufuta kwa kitambaa, akampa mkewe.

Mama alirusha mguu, akakaa, akawasha, akabonyeza gia kwa ncha ya kiatu cha kushoto. Mzee Vipimo alijipandisha juu ya mto wake, akamkumbatia kiuno kwa mikono yote miwili.

"Na leo, mama watoto," alisema, "nikikupigia kelele za shimo, shika breki."